Sahani ya Mwalimu Genoveva

Jumatatu, 14 Aprili

Paa la duka limevuja tena na madaftari sita yameloa. Mteja wa Tabata hanunui daftari lenye jalada lililovimba hata umwapie kwamba ndani ni kavu. Matano nimempa binti yangu Nusaiba achoree. Hili nimelibakiza nijiandikie mwenyewe, jambo ambalo sijalifanya tangu nikiwa sekondari.

Sababu ni tangazo la Gervas. Gervas ni baba yake Edgar na mwenyekiti wa wazazi wa Darasa la Pili B, na hakuna neno analoweza kulisema bila kulipa namba. Ajenda namba moja: Mwalimu Genoveva anastaafu. Ajenda namba mbili: ni tarehe 30 Mei, siku anayotimiza miaka sitini. Ajenda namba tatu: tumuage kwa zawadi gani. Nilikuwa nimesimama kwenye mashine ya fotokopi nikisoma simu, nikajikuta nimetoa nakala arobaini za kitambulisho cha mtu aliyetaka moja.

Mwalimu Genoveva anamfundisha Nusaiba kusoma. Mimi pia ndiye aliyenifundisha kusoma, Chang'ombe, mwaka wa mvua za Elinino. Januari nilipompeleka Nusaiba siku ya kwanza nilimkuta mlangoni na chaki mkononi, kichwa kimejaa mvi. Nikamwamkia huku natamani kukimbia. Alinitambua kabla sijataja jina. "Mwanabaraka," alisema, "bado unatafuna penseli?" Nikacheka. Kisha akauliza kama mama yangu hajambo, kwa adabu tu, kama mtu anayeuliza habari za ofisini. Nikasema hajambo, tukaishia hapo.

Alhamisi, 17 Aprili

Mama amehamia kwangu kwa muda. Nyumba yake ya Chang'ombe inabadilishwa mabati, na fundi amelitoboa paa masika imeshika kasi, kama kwamba amepewa mwaka mzima akachagua mwezi huu. Amekuja na mabegi mawili, msahafu wake na malalamiko.

Jioni alimuuliza Nusaiba anafundishwa na nani. Nusaiba akajibu kwa sauti ya darasani: Mwalimu Genoveva. Mama aliacha kuchambua mchele.

"Genoveva yule wa Chang'ombe?" aliniuliza. "Yule alonirudishia sahani yangu tupu?"

Nilimwambia ndiye. Nusaiba akataka kujua sahani gani. Nikamtuma akaoge.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua tangu alfajiri, shule na ofisi zimefungwa, hakuna wateja. Nitaandika yote leo. Nisipoandika leo sitaandika kamwe.

Nilikuwa namaliza darasa la kwanza sijui kusoma. Nilichojua ni kuimba ukurasa. Wenzangu wakisoma, mimi nafuatisha kwa sikio, mdomo unacheza na kidole kinatembea. Siku moja Mwalimu Genoveva alipita nyuma yangu, akakigeuza kitabu changu juu chini, na mimi nikaendelea kusoma vilevile kwa madaha. Hakunichapa. Tangu siku ile akawa ananibakiza kila baada ya masomo kwenye baraza ya nyumba yake, kwenye zile nyumba za walimu nyuma ya shule. Aliniandikia silabi kwenye sinia la mchanga, na kila nilipokisia alifuta kwa kiganja na kuandika upya. "Usibahatishe," alikuwa akisema. "Soma unachokiona." Hakudai hata ndoo ya maji.

Mama anasoma Kurani vizuri sana, na Kiswahili chake huandika kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa madrasani. Herufi za shule hakuzijua wakati ule na hazijui hadi leo. Kila kikaratasi kilichotoka shuleni ilibidi ampelekee jirani amsomee, na jirani huyo akishasoma huwa anatangaza. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akimtoa mwanawe kwenye aibu hiyo alikuwa mtu mkubwa kwake, na Mama alijua njia moja ya kushukuru, ambayo ni chakula.

Kila Ijumaa nilibeba sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa bluu na waridi katikati lililobanduka jani moja. Vibibi vya nazi, au mkate wa kumimina, juu imefunikwa kwa kawa. Na kila Ijumaa sahani ilirudi na kitu: ndizi, karanga, parachichi, siku moja mche wa sabuni. Kwetu humrudishii mtu chombo kitupu. Ukifanya hivyo umemwambia kwamba alichokuletea hakikuwa kitu. Mwalimu ni mtu wa Bukoba, sijui ni nani alimweleza, labda na kwao ni hivyohivyo. Kwa miezi mitatu wanawake wale wawili waliongea kwa sahani, na waliongea vizuri kuliko majirani wanaoshinda kibarazani pamoja.

Ikafika Ijumaa ya tatu ya Ramadhani. Mwalimu alifunika sahani kwa uangalifu kuliko siku zote, akaniambia, "Mwambie mama hawa wametoka kwetu. Mama yangu mwenyewe ndiye amewaandaa." Nilipopita ua wake nikachungulia. Walikuwa panzi. Panzi wa kukaangwa, wamejaa hadi ukingoni, na macho yao yote yananitazama mimi.

Nilikuwa na miaka minane. Sikujua kwamba wanaitwa senene, wala kwamba kwao mgeni wa heshima ndiye anayewekewa. Nilichofikiri ni kimoja tu: Mama akiwaona ataona ametukanwa, na masomo yangu yatakwisha. Mtaro ulikuwa umefurika maji ya Elinino. Nikawamwaga wote humo, nikaipangusa sahani kwa kanga yangu, nikaenda nyumbani.

Mama alifunua kawa. Alitazama sahani muda mrefu. Aliuliza kama Mwalimu amesema chochote, nikajibu hakusema. Akaiosha, akaipandisha juu ya kabati, na Ijumaa iliyofuata sikutumwa tena. Masomo hayakukoma. Mwalimu aliendelea kunibakiza barazani hadi nikasoma, na mwisho wa mwaka akahamishwa.

Hilo ndilo. Nilinyamaza kwa sababu ya woga, halafu nikanyamaza kwa sababu lilionekana jambo dogo, halafu kwa sababu muda ulikuwa umepita mno. Sasa tarehe 30 Mei Mwalimu anamaliza kazi, anarudi kwao, na wale wawili watakufa kila mmoja akidhani mwenzake alimdharau. Na mwenye kosa ni mimi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Margareta, jirani yetu wa mlango wa pili, ametuletea bakuli la pilau. Mama amelirudisha na tende ndani. Hakunitazama alipokuwa akizipanga.

Jumanne, 22 Aprili

Kundi la wazazi limewaka moto kwenye simu tangu asubuhi. Gervas anataka friji. Mwingine anataka ngao ya kioo yenye jina la Mwalimu, mwingine keki yenye picha yake. Margareta, ambaye mwanawe naye yuko Pili B, akauliza kwa upole friji litafikaje Bukoba, na likifika litawekwa nini, kwa kuwa Mwalimu mwenyewe ameshasema kijiji chao umeme unakuja kama mgeni. Gervas akajibu kwamba hiyo ni ajenda ya kikao kijacho.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Niliandika kwamba Mwalimu huyu kazi yake yote ni kufundisha watu kusoma, basi tumpe kitu cha kusoma. Kila familia iandike ukurasa mmoja, kwa mkono, kitu kimoja tu wanachokikumbuka. Waliosoma kwake zamani pia waandike. Mimi nitazibaindi ziwe kitabu.

Baada ya dakika kumi Margareta akasema ni wazo zuri, na wengine wakafuata. Gervas alipitisha kwa sharti kwamba kurasa ziwe na pambizo inayolingana.

Jumatano, 23 Aprili

Umeme hakuna. Mvua ipo.

Jumatatu, 28 Aprili

Kurasa zimeanza kuja. Mvuvi mmoja wa Mbweni, Suleiman, aliyesoma kwake zamani, amepanda magari mawili kuleta karatasi yenye harufu ya samaki. Ameandika kwamba alikuwa analala darasani, na Mwalimu hakumwamsha hata siku moja kabla ya saa nne, kwa sababu alijua usiku alikuwa akienda baharini na baba yake. Fundi magari wa Chang'ombe ameacha alama ya kidole cha oili pembeni, akaomba radhi kwa maandishi. Margareta ameandika juu ya vikaratasi vya Ijumaa. Mwalimu humpa kila mtoto kikaratasi cha kupeleka nyumbani chenye jambo moja zuri alilofanya wiki hiyo, na hata mtoto mtundu kuliko wote hutafutiwa lake. Mwanawe aliwahi kuandikiwa "leo ameazima kifutio akakirudisha." Margareta bado anacho.

Ninazo kumi na nane. Yangu haimo.

Alhamisi, 1 Mei

Nusaiba amesoma kibao cha duka la dawa peke yake. Neno la mwisho alikisia. Nikamwambia asibahatishe, asome anachokiona, nikashtuka kwamba sauti iliyotoka haikuwa yangu.

Jumanne, 6 Mei

Nilimhukumu Gervas vibaya. Amekuja dukani jioni na ukurasa wake kwenye bahasha, akasubiri wateja waishe ndipo akautoa. Hauna namba hata moja. Ameandika kwamba Edgar ana kigugumizi, na shule aliyotoka watoto walikuwa wakimwiga. Mwalimu Genoveva alimpa Edgar kazi ya kugonga dawati kwa vidole wakati darasa zima linasoma, ili wasome kwa mwendo wake. Sasa Pili B yote inasoma taratibu kwa mapigo, na Edgar anasoma ndani ya mapigo hayo bila kukwama. Hakuna mtoto aliyewahi kuambiwa kwa nini.

"Mama Nusaiba," aliniambia, "mie nilitaka friji kwa sababu sikujua kitu kingine kikubwa."

Nilipekua maboksi ya madaftari hadi alipomaliza kufuta miwani. Tangu leo agombe na pambizo zake anavyotaka, sitamcheka tena.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeandika ukurasa wangu. "Mwalimu alinilea kwa upendo na uvumilivu, na mchango wake hautasahaulika." Nimeusoma mara tatu. Unafaa kabisa kuwa kadi ya mwaliko.

Jumatano, 14 Mei

Maji yameingia hadi kizingiti cha duka. Tumepandisha kila kitu juu ya meza. Kurasa za Mwalimu nimezilaza nyumbani, chini ya godoro langu. Mume wangu Badru ananiuliza kama naficha dhahabu.

Ijumaa, 16 Mei

Leo baada ya sala ya adhuhuri Mama alinikuta nazipanga kurasa sakafuni. Akakaa, akanyoosha miguu yake yenye maumivu, akasema nimsomee. Nilimsomea wa Suleiman, wa Margareta, wa Gervas. Alisikiliza amefumba macho. Kwenye wa Gervas alisema "maskini" mara mbili. Kisha akasema, "Nisomee wako."

Nikamsomea ule wa upendo na uvumilivu. Alifumbua macho.

"Huo si wako," alisema. "Huo umeupata dukani. Nisomee wako."

Mbele yangu kulikuwa na rundo la karatasi nyeupe. Nilichukua moja, isiyo na hata nukta, nikaishika kama nilivyokuwa nikishika kitabu nilipokuwa naimba kurasa nisizozijua, nikaanza kusoma. Nilisoma kitabu kilichogeuzwa juu chini, sinia la mchanga, usibahatishe soma unachokiona. Nilisoma sahani na waridi lake. Nilisoma Ijumaa ya tatu ya Ramadhani, na maneno aliyoniambia Mwalimu ambayo sikuyafikisha, na panzi, na mtaro. Kidole kilitembea kwenye karatasi tupu mstari kwa mstari. Nilipofika pale Mama aliponiuliza kama Mwalimu amesema chochote, nilikwama, nikarudia mstari.

Nilipomaliza nilikuwa nalia. Mama hakulia. Aliniuliza kama umekwisha, nikasema umekwisha. Akajiinua kwa kushika ukuta, akaingia chumbani.

Jumamosi, 17 Mei

Mama hasemi nami.

Jumapili, 18 Mei

Anasema na Nusaiba. Anasema na paka wa jirani.

Jumatatu, 19 Mei

Alfajiri nilimkuta jikoni anakuna nazi. Alisema bila kugeuka, "Uliwamwaga wote?"

"Wote, Mama."

"Hata mmoja hukuonja?"

"Sikuonja."

Akatikisa kichwa. "Nzige ni halali, we mtoto. Ungeniuliza tu, ningekwambia."

Nilicheka kabla sijajizuia, na yeye akacheka, lakini cheko lake halikufika mbali. Aliweka mbuzi ya kukunia chini. Alisema kila alipomwona Mwalimu sokoni yeye aligeuza njia. Siku ya kufunga shule Mwalimu alimpungia mkono kutoka ng'ambo ya uwanja, naye akajifanya anafunga kanga. "Mie nimemnunia mtu bure," alisema. "Mtu alokuwa anamtazama mwanangu kila siku ya Mungu, nikamnunia. Najisikia vibaya, Mwanabaraka. Najisikia vibaya sana."

Nikamwambia ukurasa wangu nitauandika upya, ukweli wote. Akasema ni sawa, lakini mambo haya hayapelekwi kwa karatasi kwanza. Niende nikamwambie kwa mdomo.

Alhamisi, 22 Mei

Nimekwenda. Nilichagua saa kumi, watoto wameondoka. Alikuwa peke yake darasani anasahihisha madaftari, na mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa nguvu hivi kwamba ilinibidi nikae dawati la mbele kabisa ndipo anisikie. Magoti yangu yaligusa ubao wa dawati. Nikamwambia yote. Hakunikatiza, ila kalamu nyekundu aliishikilia hewani muda wote.

Nilipomaliza aliifunika kalamu. Akasema aliwaona.

"Asubuhi yake nikienda sokoni. Walikuwa wamenasa kwenye takataka za karavati la mtaro, pale karibu na ua wangu. Nilidhani ni mama yako. Nikasema, basi, wamemtia kinyaa, amemwambia mtoto akawatupe. Sikumlaumu, watu wa Pwani wengi hawawajui senene. Ila kama angewarudisha tu, ningeelewa."

Nilidhani amemaliza. Alikuwa anatazama dirishani.

"Mama yangu aliwanyonyoa mwenyewe," alisema. "Mbawa na miguu, mmoja mmoja, halafu akampa mtu wa basi awalete. Pasaka ya mwaka ule nikaenda kumzika. Ndio walikuwa senene wa mwisho kutoka mikononi mwake, na nilimpa mama yako sahani nzima, mwenyewe nikabaki na kiganja."

Nililia kama mtoto wa darasa la pili, nikiwa nimekaa kwenye dawati la darasa la pili. Alinipa kitambaa cha kufutia ubao, chenye vumbi la chaki, akagundua, akanipa leso.

Nilipoweza kusema nilimuuliza swali ambalo limenitesa tangu lile neno la karavati. Kama aliamini kwamba tumewatupa senene wa mama yake, kwa nini Jumatatu iliyofuata aliniita barazani kama kawaida?

Alinitazama kama nimeuliza jambo lililofundishwa jana. "Ulikuwa hujafika silabi za ng'," alisema. "Ningekuachaje?"

Jumamosi, 24 Mei

Mama amenituma Chang'ombe kuleta sahani. Mabati mapya yamekwisha kupigwa, nyumba inanukia rangi. Sahani ilikuwa juu ya kabati palepale, imefungwa kwa gazeti lililogeuka hudhurungi. Hajaitumia tangu siku ile. Waridi lingali na jani pungufu.

Nikiwa huko nilipita shuleni. Nyumba za walimu hazipo, wamejenga madarasa ya ghorofa. Rimu ya gari tuliyokuwa tukiigonga kama kengele haipo, kuna king'ora. Karakana za jirani tu ndizo zilezile, na mlio wa chuma kinachokatwa ni uleule tuliokuwa tukisomea. Mtaro umejengewa kwa zege na kufunikwa, watu wanapita juu yake hawajui. Nilisimama hapo na sahani kwapani, nikatamani sana kuiona tena ile baraza, sinia la mchanga, na yule Mwalimu kijana mwenye nywele nyeusi ti akifuta kwa kiganja. Mlinzi akaja kuniuliza namtafuta nani. Nikasema nimekwisha mpata.

Jumanne, 27 Mei

Ukurasa wangu umeandikwa, wa kweli. Kitabu kina kurasa thelathini na saba na nilikuwa tayari kukibaindi, Mama akasema mmoja umepungua. Akataka karatasi na kalamu nzuri. Akaandika mchana kutwa, kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, mistari imenyooka kuliko yangu.

Nikamwambia Mama, Mwalimu hawezi kuusoma huu.

"Najua," alisema.

"Sasa?"

"Sasa aje nimsomee."

Nikamwomba anisomee mimi kwanza. Alikataa.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua ilituonea huruma, imekatika saa tatu. Gervas aliendesha shughuli kwa ajenda saba, akafika ya nne akavua miwani kuifuta, Margareta akamalizia. Watoto walisoma kwa pamoja kifungu kutoka kitabu chao cha darasa, na Edgar akawagongea dawati. Mwalimu alikuwa amevaa gauni la kijani na viatu vyake vya kila siku. Hakuna friji. Watu wazima waliosoma kwake walijipanga mstari kama watoto, na fundi magari alikuja amenawa hadi viwiko.

Kitabu alikipokea kwa mikono miwili. Alianza kukifunua akiwa amesimama, akaomba kiti. Alisoma kimyakimya wakati sisi tunakunywa soda, na hakuna aliyemharakisha. Kwenye ukurasa wangu alitulia, akaulaza mkono juu yake kidogo. Kisha akafika wa mwisho. Akausogeza karibu, akausogeza mbali. Akakigeuza kitabu juu chini, akakirudisha.

Aliniita. "Mwanabaraka, hapa pameandikwa nini?"

Nikamwambia ni Mama, na ujumbe wake ni huu: "Aje nimsomee." Wakati huohuo Nusaiba alikuwa anakuja kutoka getini, mdomo ameubana kwa uangalifu, na sahani ya bati yenye kawa mikononi. Mama alikuwa amepika vibibi tangu alfajiri. Mwalimu aliufunua mfuniko ule, akaliona waridi kwenye upenyo kati ya kibibi na kibibi. Akala kimoja palepale mbele ya watu wote, na machozi yanamtoka.

Jumapili, 1 Juni

Amekuja saa nane. Mama alikuwa amekaa mkekani tangu saa saba, amevaa kanga mpya, anajifanya anashona. Mwalimu alivua viatu mlangoni. Ni Mama aliyesema kwanza.

"Karibu, Mwalimu. Umekawia."

"Nimekawia, Bi Mwanakombo," alijibu. Akaiweka sahani mbele yake. "Lakini safari hii nimeileta mwenyewe. Sikumpa mtoto."

Walikuwa senene. Dada yake amewatuma kwa basi, wa msimu huu wa mvua. Mama alichukua mmoja kwa vidole viwili, akasoma bismillahi, akatafuna polepole huku sote tunamtazama. Akasema wangetiwa ndimu. Akachukua wa pili. Nusaiba alikuwa amekula wanne kabla sijapata wangu, na nilipomtia mdomoni nililazimika kwenda jikoni, kwa sababu ni watamu, na nilikuwa nimewamwaga sahani nzima.

Niliporudi walikuwa wameinamia kitabu. Mwalimu alitaka kuanzia kushoto, Mama akamshika kidole akakipeleka kulia. Akawa anamtajia neno moja moja, na Mwalimu analirudia, kidole kikitembea. Kwenye neno moja Mwalimu alitangulia, akakisia.

"Usibahatishe, Mwalimu," Mama alimwambia. "Soma unachokiona."

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Kisha wakarudi mwanzo wa mstari, na hivi ndivyo nilivyousikia kwa mara ya kwanza, neno kwa neno, kwa sauti zao mbili: "Nilisema sahani yangu imerudi tupu. Nilisema uongo. Kila Ijumaa uliyonirudishia mtoto, alirudi anajua neno moja zaidi."

Mwalimu aliomba wausome tena toka mwanzo. Walisoma mpaka adhana ya alasiri.

Anasafiri Alhamisi. Mama hakukubali sahani ibaki. Ameiosha, ameijaza tambi za nazi, ameifunika, na imeondoka na Mwalimu, naye ataifikisha Bukoba. Leo mvua haijanyesha hata tone, na Mama ameshaanza kukisia itarudi na nini.